Nilivyokwenda maonyesho ya wazamiaji, nikarudi na habari ya mguu wa kaka yangu

Mwenzenu nilikuwa msomaji wa kimya humu kwa miaka mingi. Nasoma, nacheka, napita zangu. Leo nimeona na mimi nilete kisa changu, ila majina yote kapuni, maana wahusika wako hai na wengine wanaingia humu kila siku.

Mimi ni mtoto wa Rungwe, nimezaliwa Masoko, nikasoma Tukuyu. Sasa hivi niko Uingereza, karibu na Coventry, nahudumia wazee. Kazini kuna dada mmoja Mfilipino, tunapishana zamu za usiku. Huyu dada likizo zake zote anamalizia chini ya maji. Wenzake tukienda likizo tunarudi na picha za harusi na misiba, yeye anarudi na picha za kobe. Basi mwezi Februari mwaka 2024 akaniambia kuna maonyesho ya watu wa kuzamia, yanafanyika hapa jirani Stoneleigh mwanzoni mwa Machi, ana tiketi mbili, twende.

Nikampigia shoga yangu wa Leicester, Mbongo mwenzangu, nikamwambia Jumamosi naenda maonyesho ya wazamiaji. Kimya kidogo. Halafu akauliza kwa sauti ya chini: "Wazamiaji wa meli? Wanafanyiwa maonyesho? Na Uhamiaji wanajua?" Nilicheka hadi machozi. Kwetu ukisema mtu kazamia, watu wanajua kajificha kwenye meli pale Dar na siku nyingine ataibukia Ugiriki. Nikamwambia hapana shosti, hawa ni wa kuzamia majini kwa hiari yao, na wanalipia. Akasema Wazungu hawaishiwi.

Sasa huo uwanja wa Stoneleigh, kwa wasioujua, ndiyo ulikuwa uwanja wa maonyesho makubwa ya kilimo ya Uingereza, yale yaliyokoma mwaka 2009. Nilivyoingia tu nikajiona niko John Mwakangale pale Mbeya, siku ya Nane Nane. Mabanda vilevile, vipeperushi vilevile, watu wanagombania kalamu za bure na mifuko ya bure vilevile. Tofauti ni kwamba badala ya ng'ombe wa maziwa na mbegu za mahindi kuna mitungi ya hewa, miwani, mapezi ya miguuni, suti za mpira zimetundikwa kama watu walionyongwa. Kuna saa za mkononi za kuhesabu muda na kina, nikageuza moja niangalie bei, nikairudisha taratibu kama yai.

Na watu wenyewe! Mimi nilidhani nitakuta vijana wenye vifua. Nimekuta babu na bibi wa miaka 70 wanabishania valvu. Mzee mmoja alinisimamisha dakika ishirini akinieleza meli iliyozama kwenye bahari yao ya baridi, kwamba huko chini huoni hata mkono wako. Nikamuuliza, sasa mzee wangu unaenda kuangalia nini? Akafikiri. Akasema, "Naenda kuona kama bado ipo." Nilimpenda yule mzee.

Banda la Zanzibar lilikuwepo, kuna picha za Mnemba, Pemba na Mafia. Kijana wa Nungwi aliyesimama pale aliposikia Kiswahili changu karibu aruke meza. Tukapiga stori za nyumbani, akanipa karanga zake. Akanichekesha na kisa cha msanii wetu mmoja wa Bongo Flava, jina mtalikisia wenyewe, aliyekwenda kule akavalishwa mitungi na kila kitu, akapigwa picha mia, akazitupia mtandaoni kwamba amekwenda kuongea na papa. "Dada, yule hakulowa hata nywele. Alikuwa anaogopa wigi." Basi mkiiona ile picha mjue.

Palikuwa na banda lingine lina ramani kubwa ya maziwa ya Afrika, wanauza safari za Malawi. Ziwa letu limeandikwa Lake Malawi kutoka juu mpaka chini, na upande wa Tanzania ni mweupe tu, hakuna hata nukta. Matema haipo. Milima ya Livingstone haipo. Nikasimama pale na uzalendo umenipanda, nikamwambia yule mama wa banda, samahani, hapa juu kuna watu. Akasema ndiyo, anajua, akaniuliza huko kunazamiwa? Nikajibu haraka haraka kwamba hapana, hakuna.

Nilisema hapana, wadau. Na nina kaka alizamia huko miezi kumi na tisa. Sijui kwa nini nilisema hapana. Kwetu lile jambo halitajwi tu, ulimi umezoea.

Niwape historia kidogo. Sisi wa Masoko tumekulia kwenye mdomo wa maji. Ziwa Masoko, wengine wanaliita Kisiba, ni volkano iliyokufa ikajaa maji, duara kama sufuria, na kina chake ni zaidi ya mita 30. Wajerumani walijenga pale boma la mawe, baadaye likawa mahakama. Mji wenyewe wa Tukuyu kwao uliitwa Neu Langenburg. Stori tuliyokulia nayo ni kwamba Wajerumani walipozidiwa na Waingereza kwenye Vita Kuu ya Kwanza walimwaga mali zao ziwani, na kweli sarafu za zamani zimeokotwa pale ukingoni, zile heller zenye kutu ya kijani. Kila kijana wa Masoko amewahi kupanga kutajirika kwa zile sarafu. Lakini kuogelea? Mimi mwenyewe mpaka siku ile ya Stoneleigh, miaka 37, maji yamenivuka magoti mara tatu tu, zote kwa bahati mbaya. Mama alituambia ziwa lina mwenyewe. Imetosha.

Baadaye nimesoma kwamba wataalamu wa vyuo vya hapa Uingereza walikuja pale Masoko kuchunguza samaki, na mwaka 2015 wakaandika kwamba ndani ya lile sufuria letu samaki wa aina moja wanajigawa taratibu kuwa wawili. Wale wa pembeni madume yao ni ya njano, wa chini kwenye giza ni ya buluu. Yaani dunia nzima ya sayansi inalijua Masoko kwa vidagaa ambavyo sisi tulikuwa tunawarushia mawe.

Kaka yangu ndiye pekee kwetu aliyekuwa hana woga wa maji. Mwaka 2002 akashuka Kyela kutafuta maisha, akaishia Matema, akapata kazi na tajiri mmoja aliyekuwa ananunua samaki wa mapambo. Hawa ni wale wa rangi rangi wanaokaa kwenye miamba, Wazungu wanawafuga kwenye vioo sebuleni. Ziwa Nyasa linao zaidi ya aina 500 na wengi hawapo mahali pengine popote duniani. Basi kazi yenyewe ilikuwa wanakwenda kwa boti ufukwe wa Ludewa kule, Lupingu na mbele yake, wanazama na nyavu ndogo, wanawaswaga samaki waingie. Hewa inatoka kwenye kompresa iliyofungwa kwenye boti, inashuka kwa mpira mrefu mpaka mdomoni. Analipwa kwa kichwa cha samaki. Alikuwa anakuja nyumbani na sukari, na kanga za mama, na mchele wa Kyela gunia zima. Jamani alikuwa na raha yule kaka.

Mwezi wa tisa mwaka 2003, kabla hajarudi kazini, aligombana na mama mkubwa wetu, dada yake mama. Ugomvi wa migomba. Mpaka ulisogezwa, nani kasogeza, hata leo sijui. Kaka alimjibu vibaya mbele za watu, na kaka akikasirika hana breki. Mama mkubwa akamwambia maneno. Mimi nilikuwepo, nimeshika ndoo, niliyasikia kwa masikio yangu: "Nenda. Utarudi hapa unatambaa."

Wiki tatu baadaye kaka alirudi anatambaa.

Siku ile kulikuwa na ubatizo wa mtoto wa binamu kesho yake. Alitoka ziwani akadandia pikapu kutoka Matema, jioni. Alipofika Kyela akasema miguu inawasha kama ina sisimizi. Gari ilipoanza kupanda milima kuja Tukuyu miguu ikafa. Tulimshusha kwenye pikapu watu wanne. Hakuweza kusimama, hakuweza hata kujisaidia haja ndogo. Hospitali moja, siitaji, ikampiga sindano za malaria. Nyingine ikasema mgongo. Wakati huo yale maneno ya migomba yalikuwa yameshafika kila nyumba. Mganga alipoitwa alikuta kazi imeshafanyika, alibaki kuthibitisha tu.

Mama mkubwa migomba yake ilifyekwa usiku. Kanisani watu walihama benchi akikaa. Mwaka uliofuata akahama, akaenda kwa mwanawe Busokelo. Baba alipofariki mwaka 2011 alikuja kwenye msiba, na ninyi mnaojua msiba wa Kinyakyusa mnajua kuzuiwa msibani maana yake nini. Aliachwa barabarani. Alikaa chini ya mwembe ng'ambo ya barabara siku mbili, na khanga yake, mvua inanyesha. Nilipita mbele yake mara nyingi nikichota maji. Sikumwamkia. Nilikuwa na miaka 24, mtu mzima, nina elimu yangu ya chuo. Sikumwamkia.

Kaka baada ya kama miezi minane alianza kusimama. Mguu wa kulia ukarudi, wa kushoto mpaka leo anauburuza, anatembelea fimbo. Anatengeneza simu pale stendi Tukuyu.

Basi turudi Stoneleigh.

Pale ndani walikuwa wameweka bwawa, lile la kuunganisha, watu wanaotaka kujaribu wanavalishwa vifaa na mwalimu anaingia nao. Mfilipino wangu alikuwa ameniandikisha bila kuniambia. Nilikataa. Akanisukuma kama anavyowasukuma wazee wa kazini wakigoma kuoga, kwa upole ule ule wa kukera. Nikajikuta nimevaa suti ya mpira inayonibana mpaka mawazo, mtungi mgongoni, mbele ya watu wote wanaokula chipsi.

Wadau, nilizama. Maji yenyewe yanafika kifuani, msije mkanipa sifa. Lakini kichwa kilikwenda chini, na nikavuta pumzi, na pumzi ikaja. Sauti yake ni kama ya mtu amelala karibu yako. Mwalimu kijana wa Kizungu alikuwa amenishika mkono na jambo moja alilonikaririsha kabla ya yote ni kwamba nisizuie pumzi, na nikitaka kutoka nisichoropoke, nipande taratibu. Tulipotoka nikamuuliza, maji yenyewe haya ya kifuani, kwa nini taratibu? Akasema hapa haidhuru sana, ila wanafundisha hivyo tangu siku ya kwanza ili ikae mwilini, kwa sababu kwenye kina kirefu anayepanda haraka anaweza kutoka na miguu imekufa.

Nikamwambia rudia.

Akarudia. Nikamwambia kaka yangu. Yeye akaona uso wangu, akaacha utani wote, akanipeleka hivyo hivyo nikiwa na taulo mpaka kwenye banda la madaktari wa wazamiaji. Kumbe wapo! Udaktari mzima wa watu wanaozama.

Palikuwa na daktari mmoja mtu mzima, hana haraka. Akanieleza kwa chupa ya soda. Chupa imefungwa huoni gesi, iko ndani ya soda imetulia kwa sababu imegandamizwa. Fungua ghafla, inafoka. Mwili nao ni hivyo. Ukishuka mita 10 mgandamizo unakuwa mara mbili ya huku juu, mita 30 mara nne, na naitrojeni ya kwenye hewa unayovuta inaingia kwenye damu na mafuta na uti wa mgongo. Ukipanda pole pole inatoka kwa mapafu kama ilivyoingia. Ukipanda haraka inageuka mapovu humo humo. Yakikaa kwenye kiungo, kiungo kinauma. Yakikaa kwenye uti wa mgongo, miguu inakufa na kibofu kinafunga.

Kibofu kinafunga. Sikuwa nimemwambia habari ya kibofu.

Akasema hawezi kumpima mtu wa miaka ishirini iliyopita kupitia kwa dada yake aliyevaa taulo. Kama mwenyewe yupo, angependa kumsikia. Kwetu ilikuwa saa kumi na mbili jioni. Nikapiga video. Kaka alikuwa anafunga kibanda, mvua ya Tukuyu inapiga bati mpaka nikawa napiga kelele na watu wanageuka.

"Kaka, kuna daktari hapa anataka kukuuliza habari za ziwani."

Akanyamaza. Halafu akasema, "Za ziwani za nini tena, mdogo wangu?"

Mimi nikawa mkalimani. Ulikuwa unashuka kina gani? Hakuwa na kipimo, kamba ya nanga ilikuwa na mafundo, siku ile walikuwa kwenye pima kumi na tano. Daktari akapiga hesabu kwenye karatasi: karibu mita 27. Mara ngapi kwa siku? Mara tatu, siku nyingine nne. Kwa muda gani? "Mpaka wavu ujae. Nusu saa, saa nzima, nani alikuwa na saa?" Ya mwisho ilikuwaje? Kompresa iliishiwa petroli. Hewa ikakata, akapanda kama kizibo. Alipotoka alijisikiaje? Mchovu kupita kiasi, ngozi inawasha, bega linauma. Akadhani ni malaria. Halafu ukafanya nini? "Halafu nikapanda gari kuja nyumbani kwenye ubatizo."

Hapo daktari akaweka kalamu chini. Akauliza nyumbani ni mita ngapi kutoka usawa wa bahari. Sikujua, kijana wa bwawa akatafuta kwenye simu. Ziwa Nyasa liko kwenye mita 470 na kitu. Tukuyu ni kama 1,500. Akatikisa kichwa. Akasema mzamiaji aliyezama mara kadhaa anakatazwa kupanda ndege mpaka zipite saa 18 angalau, kwa sababu huko juu mgandamizo unapungua na mapovu yanazidi kukua. Na mlima ni kama ndege tu, mwili haujui tofauti. Ile barabara ya Kyela kwenda Tukuyu, ambayo sisi tunaisifia kwa chai na migomba, kwa mtu aliyetoka majini saa hiyo hiyo ilikuwa inafungua chupa kidogo kidogo kila kona.

Nikamtafsiria kaka. Nilijua miguu ilifia wapi. Ilifia kwenye mlima, na sote tulikuwa tunajua hivyo miaka yote.

Sasa kaka akasema neno ambalo nilipomtafsiria daktari alivua miwani. Alisema: "Mwambie, wale samaki sisi tuliwapandisha kwa siku mbili. Tunawaweka kwenye dumu lenye matundu, leo pima kumi, kesho pima tano, kidogo kidogo, kwa sababu samaki akipanda haraka anavimba tumbo anakufa, na akifa tajiri anatukata. Samaki tulijua. Sisi tulikuwa tunapanda tu."

Hakuna aliyeongea pale bandani.

Daktari akasema maneno mawili matatu kwa taratibu. Kwamba kwa jinsi anavyosikia, hana shaka kubwa. Kwamba dawa yake ilikuwa oksijeni na kurudishwa kwenye mgandamizo ndani ya chumba maalumu, mapema iwezekanavyo. Kile kijana cha Nungwi, ambacho kilikuwa kimenifuata na karanga zake, kikasema Zanzibar kipo chumba kama hicho, kule Matemwe. Nikahesabu kutoka Matema mpaka Matemwe kwa mwaka 2003, kwa kijana anayelipwa kwa kichwa cha samaki. Nikaacha kuhesabu.

Kaka kwenye simu alikuwa amekaa chini, naona paji la uso tu na bati. Akaniuliza kwa Kinyakyusa, wasisikie wengine kana kwamba wangeelewa. Nikiweka kwa Kiswahili alisema: "Kwa hiyo siyo Mama Mkubwa?"

Nikasema siyo.

Akakata simu. Nilidhani ni mtandao.

Jioni ile nilimpigia mama. Nilijiandaa kwenye basi, nikapanga na mfano wa soda na kila kitu. Mama alinisikiliza mpaka mwisho, hakunikatisha hata mara moja, kitu ambacho si kawaida yake. Halafu akasema, "Huyo daktari wa Wazungu alikuwepo kwenye migomba? Wewe ulikuwepo. Ulisikia alivyosema." Nikasema nilisikia mama, lakini. Akasema, "Basi," akauliza kama huku bado kuna baridi.

Nilimwelewa, wadau, msimseme vibaya mama yangu. Dada yake mmoja, wa tumbo moja, miaka ishirini. Akikubali habari ya soda atauweka wapi ule mwembe?

Namba ya mama mkubwa nilipewa na binamu. Nilikaa nayo siku sita. Nikapiga Ijumaa nikiwa chooni kazini, ndiyo mahali pekee pana faragha. Akapokea mtoto, akapeleka simu.

"Shikamoo Mama Mkubwa."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

Nikajitaja. Akasema "Ugonile" kama vile tuliachana jana. Akauliza nina watoto wangapi. Akauliza kama ni kweli huko wazee wanatunzwa na wageni. Mimi nikashindwa kusubiri, nikamwagika yote, kompresa, mapovu, mlima, na mwisho nikasema Mama Mkubwa, haikuwa wewe. Tulikukosea. Mimi nilikupita pale barabarani na ndoo.

Akakaa kimya muda mrefu mpaka nikaangalia simu kama imekatika. Halafu akasema, na sauti imekuwa ndogo: "Mwanangu, mimi maneno yale niliyasema. Nilipoambiwa amerudi anatambaa nikajua ni mdomo wangu. Miaka yote nilijua ni mdomo wangu. Nilikuwa naomba kwa Kyala aniondolee huo mdomo." Halafu akauliza tena, kama mtoto: "Ni hewa?"

Nikamwambia ni hewa.

"Hewa tu?"

Nikasema hewa tu, Mama Mkubwa, akaanza kulia, na mimi chooni nalia, na huko nje kengele ya bibi wa chumba namba tisa inalia anataka chai.

Kaka hakunipigia karibu wiki mbili. Nikadhani nimemharibia kitu, maana mtu akishazoea sababu yake ya ulemavu ukimpokonya unampa nini? Alipopiga alikuwa na hasira na yule tajiri, hasira mpya kabisa, ya miaka ishirini imekuja siku moja. Anataka kujua kama bado wapo vijana wanaozama hivyo kule ufukweni. Sijui nimjibu nini. Kama kuna mdau wa Kyela au Ludewa humu anajua habari hizo, tafadhali waambie hao vijana wapande pole pole, na siku waliyozama wasipande gari la kwenda milimani. Walale Matema. Ubatizo utawasubiri.

Jumapili ya Pasaka kaka alikodi bodaboda mpaka Busokelo. Hakumwambia mtu. Akanitumia picha: yeye na Mama Mkubwa wamekaa kwenye mkeka nje, fimbo yake ameiegemeza kwenye ukuta wa nyumba, katikati yao sahani ya mbalaga. Hakuna anayecheka kwenye hiyo picha, wanaangalia tu kamera kama watu wa pasipoti.

Nikaiweka kwenye kundi letu la familia, sikuandika neno. Tiki zikawa za buluu, moja, mbili, watu kumi na wanane wakaona, hakuna aliyejibu. Usiku sana, kwao ilikuwa inakwenda alfajiri, mama akaniandikia pembeni, peke yangu:

"Mbona amekonda hivyo?"